Mzee Sponji na Kiti cha Safari Ndefu

Hakuwa na gari. Hakuwa na cheti cha ufundi, wala duka lenye jina lake mlangoni. Hakuwa na kidole cha shahada kilichonyooka, maana sindano ya cherehani ilikwisha kukipitia zamani. Hakuwa na subira na abiria anayekaa kitini kama yuko juu ya moto. Na mpaka alipofika miaka sabini na mmoja, hakuwa na ugonjwa wowote aliokubali kuuita ugonjwa.

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka fundi wa viti vya mabasi, aliyejulikana kila gereji kwa jina la Mzee Sponji. Alifariki Ijumaa, wiki mbili zilizopita. Alifariki kwa donge la damu. Lilianzia mguuni, likasafiri hadi kwenye mapafu. Tunalisema mapema, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda maneno ya kuzungukazunguka.

Alianza kazi kwa kufagia vipande vya ngozi bandia kwenye karakana ya kuunda mabodi ya mabasi. Akajifunza kukata sponji kwa kisu cha jikoni. Akajifunza kuvuta kitambaa hadi mkunjo wa mwisho upotee. Alipomaliza kiti, alikikalia yeye kwanza, akala chakula chake cha mchana hapohapo, akasinzia hapohapo. Akiamka bila kushika kiuno, kiti kimefaulu.

"Alikuwa anakipima kiti kama mtu anayekwenda kuposa," anasema mjane wake. "Mimi nyumbani nilikalia stuli."

Alijivunia jambo moja tu, na alilirudia kila mahali: "Kiti changu mtu hanyanyuki mpaka afukuzwe."

Mtu pekee aliyethubutu kumcheka ni kaka yake mkubwa, fundi bomba mstaafu, aliyekuwa akiishi mji wa mbali. "Mwamba ngoma huvutia kwake," kaka alikuwa akimwambia. "Na wewe mdogo wangu, ngozi unavuta kila siku."

Mwaka huu kaka huyo alimaliza nyumba yake. Mzee Sponji akafunga safari kwenda kuiona. Basi huondoka alfajiri na kufika jioni. Akachagua basi ambalo viti vyake alivishona mwenyewe. Akakaa dirishani, akaweka mkono juu ya mshono wake, na hakunyanyuka tena.

Basi liliposimama ili watu wapate chakula, kondakta alimjia. "Mzee wangu, shuka unyooshe miguu kidogo."

"Mwanangu, kiti hiki nimekishona mimi. Nikishuka mapema, si nitakuwa nimetoa ushahidi dhidi ya kazi yangu?"

"Basi kunywa maji."

"Ninywe, halafu mzee mzima nisimamishe basi zima kwa ajili ya haja ndogo? Sitaki."

Kondakta akacheka. Abiria wa jirani nao wakacheka. Hivyo ndivyo alivyokwenda, na hivyo ndivyo alivyorudi siku chache baadaye. Safari nzima kitini, kwenda na kurudi.

Siku ya tatu nyumbani, shavu la mguu wa kushoto likavimba. Mguu mmoja tu. Ulikuwa wa moto na ulimuuma alipokanyaga. Akasema ni msuli. Mkewe akataka kuukanda kwa maji ya moto. Bahati njema akakataa, maana kukanda kungeweza kulisukuma donge; alikataa si kwa elimu, kwa ubishi tu. Lakini hospitali pia hakwenda. Akavaa suruali pana kuuficha uvimbe. Asubuhi moja akapanda ngazi tatu za mlangoni, pumzi ikakatika, kifua kikamchoma. Binti yake hakungoja. Aliita teksi.

Hospitalini, daktari alimweleza taratibu. Mtu akikaa muda mrefu bila kusogea, damu ya miguuni hutembea polepole, na inaweza kuganda. Umri mkubwa huongeza hatari. Donge likibanduka, linaweza kuziba njia ya damu kwenye mapafu. Akaanzishiwa dawa za kuzuia damu isiendelee kuganda.

Kisha daktari akauliza, "Kwenu kuna mwingine aliyewahi kupata hili?"

"Mama yetu alifariki akiwa amevimba mguu. Tulisema uzee."

"Na ndugu zako?"

Mzee Sponji akamgeukia mkewe. Kaka yake alikuwa ameshakata tiketi kuja kumtazama. Jumatano iliyofuata, basi lilelile. Miaka sabini na mitano, tumbo mbele, mvivu wa kutembea kuliko yeye.

"Mpigie simu," mkewe akasema.

"Simu kwa kaka? Masikio yake yale? Atasema ndiyo kwa kila kitu, halafu apande akae kama mimi. Binti, leta karatasi."

Wasikilizaji wapendwa, kaka alifika salama Jumatano ile. Kondakta anasema kila basi liliposimama, yule mzee alikuwa wa kwanza mlangoni, akitembea kulizunguka gari kama anayekagua matairi. Ndugu wawili wakakaa pamoja wodini Alhamisi nzima. Mgonjwa alionekana anapata nafuu. Ijumaa asubuhi, chai ikiwa bado ya moto, donge jingine likamshinda.

Tunawapa pole mjane wake, binti yake, na kaka yake, ambaye hadi leo ametuambia neno moja tu: "Mkubwa ni mimi, lakini hili amenitangulia." Tunawapa pole mafundi wenzake.

Na sisi tulio hai tujiulize: mzee wetu anasafiri lini? Kabla hajapanda, amwone daktari, hasa kama amewahi kupata donge la damu, amefanyiwa upasuaji karibuni, au ugonjwa huo upo katika ukoo. Asijipe dawa mwenyewe. Gari likisimama, ashuke atembee. Akiwa kitini, apandishe na kushusha visigino, na maji asiyakimbie. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, hospitali. Pumzi ikikatika au kifua kikichoma, hospitali saa hiyohiyo.

Tumalizie na barua ile aliyomwandikia kaka. Binti aliiandika kando ya kitanda, baba akitamka. Sentensi ya kwanza ilichukua muda. Alianza, akamwambia binti afute, akatazama dari. Hatimaye akasema: "Andika hivi. Kaka, kiti hakina kosa. Mguu ndio haukuumbwa kwa kukaa. Kila gari likisimama, nyanyuka. Nakuomba mimi niliyekishona."

Binti akamsomea. Akaitikia kwa kichwa. Akaichukua bahasha mwenyewe, akailamba, akaibana kwa kidole chake kile kilichopinda, kama anavyobana mshono. Binti akaipeleka stendi. Kondakta akaitia mfuko wa shati, akagonga bodi, na basi likaondoka.