Marehemu Wembe na neno "mpangaji"

Mheshimiwa uliyekuja kutufariji, viongozi wa dini, shemeji yangu mjane, watoto wa marehemu, majirani na ninyi mnaotusikiliza kwa redio, mimi ni kaka mkubwa wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake tangu alipozaliwa hadi alipotutoka.

Kwa desturi ujumbe wa mwisho wa marehemu husomwa mwishoni, lakini asubuhi hii afisa wa itifaki alinieleza kwa adabu kwamba matangazo ya moja kwa moja yatakwenda hadi pale marehemu anapostaafu, kisha redio itarudi studio, hivyo mtaniwia radhi nikianza na mwisho. Marehemu alinituma niseme hivi, na ninayasema kama alivyoyasema: "Neno mpangaji, ambalo watu wa nchi hii wanawaita raia wenzao wa upande wa kiwandani, nililitunga mimi, nilijua ni la uongo siku ile ile nilipolitunga, nalifuta, na yeyote atakayelitumia baada yangu asiseme alilikuta." Mwisho wa ujumbe. Sasa naingia kwenye historia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1947, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa nne kati ya watano wa karani wa posta na mkewe mshonaji. Baba alimpa jina la babu, lakini wengi mlimjua kwa jina la Wembe, nami nitamwita hivyo kwa kuwa ndilo aliloliitikia haraka zaidi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1954, akaendelea na sekondari mwaka 1962, akahitimu mwaka 1965, akiwa wa kwanza katika lugha na wa mwisho katika hesabu. Jioni baba alipochoka macho alimwagiza amsomee gazeti, naye akazoea kuongeza chumvi pale habari ilipokuwa baridi, mpaka siku moja baba akamkatiza, "Mwanangu, hiyo imeandikwa au umeipika?" naye akajibu, "Nimeipika, baba, lakini imeiva." Baba alicheka, sote tulicheka, na hakuna aliyeona kwamba palikuwa na jambo la kukemea.

Tarehe 2 Januari 1967 aliajiriwa na redio ya taifa kama mkata mikanda, si mtangazaji kama magazeti yalivyoandika wiki hii, kwa maana siku zile hizo zilikuwa kazi mbili. Kwa faida ya vijana, hotuba ilirekodiwa kwenye utepe mwembamba wa plastiki, na aliyetaka kuondoa kikohozi au neno lililokosewa aliutafuta mahali pake kwa sikio, akaukata kwa wembe, akaunganisha ncha mbili kwa gundi. Marehemu alikata bila kuacha kovu. Alikuwapo waziri mmoja ambaye hakuwahi kumaliza sentensi aliyoianza, ambaye baada ya kujisikia redioni alikuja studio mwenyewe, akasimama mlangoni akauliza, "Yule ni mimi kweli?" na marehemu akamjibu, "Ni wewe, Mheshimiwa, baada ya kunyolewa." Jina la Wembe lilianza siku hiyo. Mwaka 1971 alipandishwa kuwa msomaji wa habari, na kwa miaka ishirini na zaidi nyumba nyingi za nchi hii hazikuamini kwamba jambo limetokea mpaka alitamke yeye.

Tarehe 7 Desemba 1974 alifunga ndoa na shemeji yangu huyu aliyekaa hapa mbele, wakati huo akiwa mwalimu wa darasa la kwanza, binti wa fundi bomba wa idara ya maji. Mkwe wake huyo alizaliwa hapa, upande wa kiwandani, kwa baba aliyevuka mpaka akiwa kijana kuja kujenga kiwanda cha nguo, na mabomba ya nusu ya mji huu, pamoja na lile la uani mwa nyumba hii, aliyafunga yeye. Siku ya posa sisi tulikwenda kifua mbele, tukampongeza kwa nyumba yake nzuri, naye akatujibu kwa unyenyekevu, "Aa, wazee wangu, sisi sote hapa duniani ni wapangaji tu, mwenye nyumba ni Mungu." Nilikuwapo, na marehemu alikuwa amekaa kulia kwangu, akalipenda neno hilo, akalirudia njiani.

Mwaka 1992, vyama vingi viliporuhusiwa na kila mwenye kikohozi akataka kipaza sauti, marehemu aliacha redio akawa mshauri wa mawasiliano wa Mheshimiwa huyu tuliye naye leo, wakati huo akiwa mgombea, ofisi yao ikiwa ghorofani juu ya duka la rangi. Mheshimiwa alikuwa na ilani nzuri ya kurasa sitini ambayo hakuna aliyeisoma, na wapinzani wake walikuwa na nguvu upande wa kiwandani. Marehemu mwenyewe alinisimulia kilichofuata, nami nakileta kama kilivyo. Walikuwa wamekaa wanatafuta la kusema, msaidizi mmoja akalalamika, "Hawa wa kiwandani hata ukiwapa maji ya asali hawatupigii kura," na marehemu, akichungulia dirishani ambako makopo ya rangi yalikuwa yakishushwa, akasema, "Basi tuwaambie wengine kwamba mpangaji hapaki rangi nyumba." Chumba kizima kilicheka, Mheshimiwa akapiga meza, akasema, "Hiyo hiyo!"

Lilikuwa ni neno la mkwe wake. Alichofanya ni kazi ile aliyoizoea, alikata sentensi katikati, akatupa nusu yenye Mungu, akabaki na nusu yenye mpangaji, na kwa kuwa alikuwa fundi, kovu halikuonekana.

Tangazo hilo lilirushwa redioni kabla ya taarifa ya habari na baada yake, likafuatwa na wimbo, likaandikwa kwenye fulana, na Mheshimiwa akashinda kwa kura nyingi kuliko alizozitarajia mwenyewe. Watu waliokuwa wakiazimana ndoo walianza kuulizana bombani, "Haya, mpangaji, kodi umelipa?" na mwanzoni walioulizwa walijibu kwa mzaha, wakadhani ni utani wa uchaguzi ambao utaisha na uchaguzi wake. Hakuna aliyewaambia kwamba neno likishapewa kiti haliondoki na wageni. Uchaguzi uliofuata majina ya watu wa kiwandani yaliondolewa kwenye daftari la wapiga kura hadi watakapothibitisha walikozaliwa babu zao, na vijana walikwenda usiku kwa usiku kuandika MPANGAJI kwenye kuta zao kwa rangi nyekundu. Fundi bomba aliwakuta ukutani kwake wanachanganya rangi, akawaambia, "Pakeni, wajukuu zangu, ila mjue hayo maji mmeyachota kwangu." Mwezi Agosti 1998, akiwa na umri wa miaka sabini na moja, alipakiwa kwenye lori pamoja na wenzake, akavushwa mpaka ambao hakuwahi kuuvuka maishani mwake, akafariki mwaka 2000 katika mji ambao hakumjua mtu hata wa kumwomba moto. Marehemu, mkwewe, hakuhudhuria mazishi hayo, alikuwa safarini kikazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwauzia wengine ufundi ule ule, kwa kuwa sifa zake zilishavuka mpaka kabla ya lori. Katika nchi ya kwanza vituo vyote vilikuwa vya serikali, kazi yake ikawa kuwafundisha mawaziri wasikohoe. Ya pili ilikuwa na magazeti mengi kama uyoga, yote ya matajiri watano ambao watoto wao walikuwa wameoana, hivyo mwananchi alikuwa huru kuchagua gazeti la kumsomea habari ile ile. Kisha akapelekwa masomoni kwa miezi sita katika nchi kubwa na ya kale katika mambo haya ya kura, ambako, aliniambia, alikwenda na tumaini la kukuta namna safi zaidi ya kuzungumza na watu. "Kaka," alisema aliporudi, "nilikwenda kutafuta dawa, wakanifundisha jina la kitaalamu la ugonjwa." Walimwonyesha kwenye michoro kwamba mpiga kura husikia haraka zaidi anapoambiwa nani si mwenzake, naye akaona aibu, si kwa sababu alikuwa hajui, bali kwa sababu alikuwa amelijua bila kusomeshwa.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2009. Kwa ratiba niliyopewa, wasikilizaji wa redio wanatuaga hapa, nasi tunawashukuru kwa kutusikiliza tangu mwanzo.

Marehemu na mkewe walijaliwa watoto wawili. Binti, aliyezaliwa mwaka 1976, ni mpima ardhi katika nchi nyingine, na aliondoka kwa sababu mwalimu wake wa kidato cha tano alipowaambia wapangaji wasimame upande wa dirisha, darasa lilimgeukia yeye, mtoto wa aliyelitunga neno, na kelele zikapigwa, "Wewe nusu, simama katikati!" Alisimama dirishani. Nyumbani alimwambia mama, baba hakumwambia, na baba alijua. Mtoto wa kiume, aliyezaliwa mwaka 1980, anaendesha kurasa za mitandaoni za chama cha Mheshimiwa, na jana aliniomba akisema, "Baba mkubwa, haya tungeyamaliza nyumbani." Nimemjibu mbele ya mama yake kwamba neno lilitoka nyumbani likapita redioni, na halijui njia nyingine ya kurudi. Hatukugombana, ila hatukumaliza chai.

Mwezi Februari 2021 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Mkewe, ambaye tangu baba yake avushwe hakuruhusu redio iwashwe ndani ya nyumba, alimsindikiza kila mara na kukaa naye saa zote. Mwaka uliofuata, kwenye kiti cha mashine, alimwambia mkewe kwamba anataka kulifuta lile neno mahali alipoliweka, yaani hewani, na mkewe akamuuliza, "Umechelewa wapi?" lakini akampigia pasi shati.

Redio ya taifa ilimpokea kwa heshima, mhariri akamwinamia na kumwambia, "Shikamoo mwalimu wetu," wakamrekodi karibu saa nzima, na siku ya kipindi tulikwenda kusikiliza kwa jirani. Tulisikia utoto wake, waziri wa kunyolewa, shukrani zake kwa taifa, na sauti ilikuwa yake, na pumzi zilikuwa zake, ila kulifuta neno hakukuwamo. Alisikiliza hadi mwisho, akanigeukia akasema, "Sioni walipokata. Kazi safi." Sijawahi kumwona mtu akisifu kitu kwa uchungu namna ile. Kituo cha tajiri mmoja kilikubali kumpa nafasi iwapo atasema pia kwamba mpinzani wa tajiri huyo ndiye aliyeanzisha fujo za kuhamisha watu, naye akakataa kufuta uongo kwa uongo. Basi binti yake alipokuja likizo alimrekodi kwa simu, akasema yote kama nilivyowasomea mwanzo, pamoja na jinsi alivyolitunga neno juu ya duka la rangi, na kwa siku mbili tulifurahi, hadi mtu tusiyemjua alipochukua maneno manne tu, mpangaji hapaki rangi nyumba, akayawekea ngoma, na vijana wakayacheza nchi nzima. Wasiokuwa wamezaliwa wakati ule walijifunza neno hilo kutoka kinywani mwa mtu aliyekuwa akilifuta.

Baada ya hapo hakutafuta tena kituo chochote. Alinishika mkono akaniambia kwamba mazishi yake yatarushwa hewani kwa sababu wakubwa watakuja, na kwamba maiti haikatwi mkanda.

Alifariki tarehe 3 Juni 2023 alfajiri, hospitalini, mkewe akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa chumba cha kusafisha damu, ambao walimwita babu na kumvumilia alipokosoa Kiswahili cha matangazo yao ukutani. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa zamani wa redio waliobeba jeneza. Tunamshukuru Mheshimiwa kwa shada la maua, ambalo tumeliweka kaburini kama lilivyo, isipokuwa utepe wake ulioandikwa "Mwana halisi wa ardhi hii" tumeubandua, kwa ombi la mjane. Zaidi ya wote tunawashukuru majirani waliosalia upande wa kiwandani, ambao walikuja tangu jana kuchimba kaburi bila kuitwa, na walipoulizwa na mmoja wetu kwa nini wanajisumbua, mzee wao alijibu, "Tumemzoea."

Shemeji yangu amenipa maneno machache ya kumsemea. Baada ya msiba ataondoka na binti yake, ataishi karibu na kaburi la baba yake, katika nchi ambayo hajawahi kuishi na ambako, naambiwa, waliorudishwa wanaitwa wageni. Anasema yeye amemsamehe mume wake tangu mwaka jana, lakini lile neno hajalisamehe, kwa kuwa aliyekufa ni mume, neno ni zima.

Nami namwamini, maana leo asubuhi, nikija hapa, watoto wawili walikuwa wakigombania mpira barabarani, na yule mdogo, ambaye hata meno hayajamtimia, alimwita mwenzake mpangaji. Niliwasimamisha nikamuuliza maana yake. Akasema hajui.

Mdogo wangu, kazi yako imekupita umri. Pumzika kwa amani wewe. Sisi hatujapewa hiyo ruhusa.