Yevlampi Tikhonovich Anaachia Kiti cha Kunyolea

Miaka arobaini na mitatu na miezi miwili. Ndio muda ambao Yevlampi Tikhonovich Korobov amesimama nyuma ya kiti cha kunyolea katika nyumba yetu ya kuogea kwa mvuke hapa Pavlovo, na tarehe 31 Machi anastaafu. Mnaocheka mna haki. Tangazo hili tumeshalibandika ubaoni mara mbili, na mara zote mbili mzee alirudi Jumatatu na koti lake jeupe kana kwamba hakuna kilichotokea. Safari hii ni kweli. Kwa nini hakwenda, na kwa nini sasa anakwenda, najua mimi kuliko wote, maana sababu nilikuwa mimi.

Alianza akiwa na miaka kumi na tisa. Aliyemfundisha alimkabidhi wembe wa kukunja uliofuliwa humu humu wilayani mwaka 1954: mpini mweusi, nyota ndogo imegongwa shingoni, na chuma kizito kiasi kwamba ukikilaza shavuni kinajishukia chenyewe. Ameunoa mpaka umepungua upana kama mtu aliyetoka hospitali. Nyembe za kigeni, kwa maoni yake, zinafaa kupakia siagi. Mimi nimenyoa watu kutoka Murmansk hadi Vladivostok, nimemnyoa hata nahodha dhoruba ikivuma na hakutoka tone la damu, na nawaambia makali kama ya mzee huyu sijayaona.

Makali yenyewe hupimwa kwa unywele wa mkono. Unapitisha wembe juu kidogo ya ngozi bila kuigusa; unywele ukidondoka, wembe uko tayari. Mkono wake wa kushoto uliishiwa nywele kabla mimi sijazaliwa, basi akahamia kwenye mikono yetu. Leo kila mfanyakazi wa nyumba hii, kuanzia mkata tiketi hadi fundi wa boila, ana mkono mmoja laini kama wa mtoto mchanga. Meneja wetu, Rimma Arkadyevna, huvaa mikono mirefu hata mwezi wa Julai.

Ni Rimma Arkadyevna aliyetoa sharti: mzee akiondoka bila mrithi, kiti cha kunyolea kinatolewa na mahali pake inawekwa mashine ya kahawa. Mzee alinuna siku nne. Siku ya tano akanichagua mimi, nadhani kwa sababu ya sura yangu.

Habari zangu za Murmansk hakutaka kuzisikia; nilianza na maputo. Unalipaka puto povu la sabuni, kisha unalinyoa. Nilipasua thelathini na nane. Kila lilipolia, wateja waliokuwa kwenye mvuke walitoka mbio na mataulo, na mmoja alitoka bila taulo. La thelathini na tisa lilipopona, tangazo la kwanza likabandikwa. Siku iyo hiyo nikafika kwenye mkanda wa ngozi unaolainishia makali.

"Rodya, ukifika mwisho wa mkanda, wembe unaugeuza kwa mgongo au kwa makali?"

"Kwa mgongo, Yevlampi Tikhonovich."

"Basi huu mkanda umeng'atwa na nani, panya?"

Tangazo likabanduliwa.

La pili lilibandikwa mwezi wa Februari mwaka jana, na lilidumu hadi chakula cha mchana. Tulikuwa na vodka kidogo, matango ya chumvi na salo, yale mafuta ya nguruwe yaliyogandishwa nje ya dirisha mpaka yakawa tofali. Katika nyumba yenye nyembe kumi na nne, kisu cha jikoni kilikuwa hakikati hata mkate. Nikachukua kilichokuwa karibu. Vipande vilitoka vyembamba hadi ungeweza kusoma gazeti kupitia kwavyo. Mzee alikula vinne.

"Nani kakata hivi?" aliuliza, mdomo umejaa. "Huyo ana mkono."

"Mimi," nikasema kwa majivuno.

"Kwa kutumia nini?"

Wembe wa 1954 ulikuwa na pengo la ukubwa wa chembe ya semolina. Hakunifokea. Alinifuta vidole kwa leso kama mtoto, akaweka jiwe la kwanza la kunolea mbele yangu.

"Wewe umeutia pengo, wewe utaunoa. Mgongo na makali vyote vilale juu ya jiwe. Usiukandamize, si mama mkwe wako."

Mkewe, Faina Lukinichna, alimpigia simu, na sauti yake tuliisikia sote. "Mwambie huyo mla salo wako miche ya matango hainisubiri mimi wala wewe."

Ilinichukua miezi kumi na mitatu. Jiwe la kukwaruza, jiwe la kati, jiwe laini, kitambaa chenye dawa ya kijani ya kung'arishia chuma, mkanda mpya. Mzee alikaa pembeni na chai yake, na sikumsikia akisema "vizuri" hata siku moja.

Alhamisi iliyopita alitoka kwenye mvuke mwekundu kama kiazisukari, akakaa mwenyewe kwenye kiti, akajifunga kitambaa shingoni. Tangu aanze kazi hajawahi kunyolewa na mtu mwingine. Rimma Arkadyevna alisimama mlangoni na kitabu cha picha za mashine za kahawa.

"Anza kushoto," mzee akasema. "Ukinikata, nitakuja kazini mpaka nife."

Nikapaka povu. Shavu la kwanza alikuwa akinieleza habari za matango. La pili, habari za jirani anayeiba maji ya kumwagilia matango. Nilipofika kooni akanyamaza, nami mkono ukasimama hewani, nikidhani nimemmaliza. Kumbe amelala; akaanza kukoroma.

Nikamalizia koo, tukamwacha alale nusu saa. Alipoamka alipitisha kiganja shavuni, kutoka chini kwenda juu, akarudia chini ya taya pale ambapo kila kinyozi hudanganya. Kisha akamgeukia meneja.

"Rimma Arkadyevna, andika barua yangu ya kustaafu."

Yevlampi Tikhonovich, asante kwa mashavu yote ya mji huu, na kwa uvumilivu ambao mimi mwenyewe nisingekuwa nao. Tunakuombea afya, matango mengi, na Faina Lukinichna asikuchoke. Kiti kipo, hakiendi popote. Jumamosi ukitoka kwenye mvuke usipange foleni, njoo ukae.