Bi Rudia na Mtaa wa Maji ya Rangi

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mtengenezaji filamu wetu mkuu anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili kazini. Kitengo kizima tunamwita Bi Rudia, maana hakuna picha aliyoridhika nayo mara ya kwanza. Mimi ni dereva wake tangu siku ya kwanza, na taa nilishika mimi, kwa hiyo habari zake naziandika mwenyewe. Wasomi wa ofisini wakae pembeni.

Alianza kwa kuviringisha nyaya. Leo filamu zake za wafagiaji, wakunga na wachimba makaburi zinaonyeshwa mashuleni, na tuzo zimejaa kabati la mapokezi mpaka mlango haufungi. Nusu ya sifa hizo ni za taa zangu, lakini haya, leo si siku yangu.

Ana utaratibu mmoja uliowatoa mabosi jasho. Filamu yake ikikamilika haiendi kwao kwanza. Inarudi mtaani ilikopigwa, tunatundika shuka ukutani, na waliomo wanajitazama na kusema lao.

Kubwa kuliko zote ni ile ya mtaa ulio nyuma ya kiwanda cha rangi. Bomba leo lilitoa maji mekundu, kesho kijani. Madiwani walikuwa wakutane Jumatatu, waitazame filamu yetu, kisha waamue: kiwanda kisafishe maji yake, au watu wahamishwe. Jumamosi tukatundika shuka. Filamu ilikuwa vilio mwanzo mpaka mwisho. Ilipokwisha, mama mmoja fundi cherehani akasimama, mikono kiunoni.

"Mwanangu, umetupiga picha kama tuko msibani! Wakituona hivi watasema, maskini hawa, wahamisheni tu. Mbona harusi ya binti yangu ulikuwepo? Umeificha wapi?"

"Mpe, mama, mpe!" watu wakadakia.

Mkuu wa kitengo akaagiza filamu iletwe vilevile, muda umekwisha. Bi Rudia akasema haitoki. Jumapili yote akajifungia chumba cha kukatia picha, akaipangua na kuipanga upya. Mlangoni nilikaa mimi, na bosi mwenyewe nikamrudisha alikotoka. Aulizwe, yupo.

Jumatatu madiwani wakaona bibi harusi kapendeza, wazee wanabishania drafti, wanawake wanasukana na kutaniana barazani. Halafu bomba likafunguliwa, kikombe kikajaa maji ya zambarau, na fundi cherehani akakisogeza mbele ya kamera, akasema, "Karibu, mgeni, unywe." Nani tena angetamka neno kuhamishwa? Kiwanda kikafungwa mpaka kilipoweka mtambo wa kusafishia. Maji yale sasa ni safi, nimeyanywa mimi.

Bi Rudia, umetuheshimisha sote, ahsante sana. Kapumzike na wajukuu, afya ikuandame, kila siku ikupe sababu ya kucheka. Ule mtaa hakuhama hata mmoja, na Ijumaa wanakuja wote kukuaga. Viti vya mbele ni vyao. Mabosi ndio watakaohamia nyuma.