Soja Aliyewafungulia Watu wa Reuben Redio Kijito: Maisha ya Mzee Patrobas Mukhwana Wafula (1959–2025)

Baba yetu, Mzee Patrobas Mukhwana Wafula, tunayemsindikiza leo Jumamosi tarehe 27 Septemba 2025, alizaliwa tarehe 8 Machi 1959 katika boma hili hili la Kibingei. Alikuwa mwana wa tatu wa marehemu Mzee Wafula Kundu na marehemu Mama Rasoa Nasimiyu. Alizaliwa pacha. Mwenzake, Mulongo, alifariki akiwa na miezi minne, na bibi yetu alikuwa akisema kuwa aliyebaki alilia kwa niaba ya wote wawili.

Alisoma shule ya msingi papa hapa kijijini na kufanya mtihani wa CPE mwaka wa 1974. Alifika kidato cha pili. Babake alipoaga dunia mwaka wa 1976, aliacha masomo ili awasaidie wadogo zake. Miaka hiyo wazee wasiojua kusoma walimwita awasomee barua za wana wao waliokuwa Nairobi. Alizisoma neno kwa neno, hata zenye lawama. Mzee mmoja alimwomba aruke mahali palipokuwa pachungu. Patrobas akamjibu, "Nikiruka, hii haitakuwa barua ya mwanao tena. Itakuwa yangu."

Mwaka wa 1980 alienda Nairobi, akakaa kwa mjomba wake katika mtaa wa Mbotela. Alifanya kibarua miaka kumi na mmoja katika kiwanda cha blanketi Industrial Area, na kiwanda kilipofungwa akawa askari wa kulinda mageti. Tarehe 20 Desemba 1986 alimwoa Annah Ayuma katika kanisa la Friends, nyumbani kwao bibi harusi, Vihiga. Mama alikuwa na kibanda cha mboga Mbotela, na hadi leo husema kwamba Baba alinunua sukuma wiki kila jioni kwa miezi mitatu ilhali hakuwa na jiko. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Mwaka wa 2009 aliajiriwa kuwa askari wa lango la Redio Kijito, kituo cha jamii kilichokuwa kimefunguliwa katika mtaa wa Tena, Nairobi. Kituo kilianzishwa ili kiwahudumie watu wasiosikika. Lakini kilicheza muziki, kikasoma matangazo kutoka ofisini, na aliyetaka kuingia alitakiwa awe na miadi. Watu wa mtaa jirani wa mabanda, Mukuru kwa Reuben, walikuwa wakisema, "Hiyo ni redio ya watu wa Tena." Walipofika getini, kazi ya Baba ilikuwa kuwarudisha. Aliifanya kwa miaka mitano, nayo ilimsumbua moyo.

Asubuhi ya Jumanne tarehe 11 Februari 2014, akina mama saba walitembea kutoka Reuben hadi getini. Aliyewatangulia, Mama Nzisa, alikuwa na mtoto mgongoni na chupa ya maji mkononi.

"Soja, watoto wetu wanahara tangu Jumamosi," alisema. "Kila ofisi inatwambia tuandike barua. Sasa tumwandikie nani?"

Baba alifungua ile chupa, akanusa. Akafungua geti.

Aliwaongoza wote saba hadi mlango wa studio. Taa nyekundu ilikuwa inawaka, na ikiwaka hakuna anayeingia. Aliingia. Mtangazaji, Aqsa Zahoro, alikuwa hewani. Baba aliiweka chupa mbele yake, akamvutia Mama Nzisa kiti. Meneja, Bwana Munyao, akatokea mbio.

"Patrobas! Getini umemwacha nani?"

"Hakuna mtu getini, bosi. Watu wako huku ndani."

Aqsa hakuzima kipaza sauti. "Wasikilizaji," alisema, "mbele yangu kuna maji ya Reuben. Rangi yake ni kama chai ya maziwa iliyopoa. Harufu yake atawaeleza mama huyu." Mama Nzisa alieleza. Kabla ya saa sita simu zilikuwa zimeingia kutoka ploti nyingine tisa za nyumba za kupanga zenye maji hayo hayo, na kutokana na simu hizo ikajulikana bomba lilipopasukia, kando ya mtaro wa maji machafu. Alhamisi lilikuwa limerekebishwa. Watoto walipelekwa zahanati, na kwa neema ya Mungu wote walipona.

Jioni ya Jumanne hiyo Baba alipewa barua ya onyo. Alirudi nyumbani akamwambia Mama, "Huenda nimepoteza kazi, lakini leo nimeifanya." Wiki mbili baadaye Bwana Munyao mwenyewe alibeba benchi na kipaza sauti, akaviweka nje ya lango. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa kipindi cha Getini, kilichosikika kila siku ya kazi saa nne asubuhi. Baba aliombwa akisimamie. Alikubali, ila alikataa kuvua sare, akisema watu walikuwa wameizoea.

Pale kwenye benchi hakuna aliyeulizwa kitambulisho, wala aliyekosolewa lugha. Mabibi walizungumza Kikamba kikatafsiriwa, vijana wakamwaga Sheng yao. Na kila aliyetoa neno alirudishiwa jibu. Kila Jumamosi Baba alitembea ploti kwa ploti kuyapeleka majibu, hata pale ambapo hakuna kilichotendeka. "'Bado' nalo ni jibu," alizoea kusema. "Kimya ndicho matusi."

Siku moja afisa mkubwa alifika na wasaidizi wake, akataka aongee kwanza. Baba alimpigia saluti, kisha akamwambia, "Mheshimiwa, foleni inaanzia nyuma ya mama mwenye mtoto." Afisa alikaa kwenye benchi karibu saa nzima, akisikiliza. Zamu yake ilipofika, alisema hotuba aliyokuja nayo haikuwa na maana tena, akaikunja.

Baba alikosea pia. Mwaka wa 2017 alitangaza siku isiyo sahihi ya chanjo, na akina mama wengi wakafika zahanati bure. Kesho yake alisema hewani, "Ni mimi Mukhwana niliyewapotosha, si zahanati." Kisha alizunguka Reuben siku mbili akiomba msamaha mlango kwa mlango. Mimi binti yake, ninayesoma haya, nilikwenda naye. Hakuna mlango uliofungwa.

Mwaka wa 2022 alipatikana na ugonjwa wa figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Alistaafu Desemba 2023. Mwezi huu Aqsa alimtembelea wodini akamweleza kuwa Mama Nzisa na mwenzake Koki sasa wanaendesha kipindi wenyewe kutoka katikati ya Reuben, bila geti lolote. Baba alicheka hadi muuguzi akaja kutazama. "Basi hawahitaji askari," akasema. Alifariki alfajiri ya Alhamisi tarehe 18 Septemba 2025, Mama akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Mama Annah Ayuma. Watoto wake Millicent, Moses na Ruth. Wakwe wawili, wajukuu saba, na dada yake Mama Selina. Ameacha pia mabasi mawili ya watu wa Reuben, Tena na Mbotela, waliosafiri usiku kucha wawe nasi hapa. Wanaomba wasihesabiwe kama wageni. Nasi tunasema: wao ni wa boma hili.

Mungu ampokee mtumishi wake, na ampe pumziko lenye amani. Amina.