Mlima Tulioubebea Mawe

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe kifungua mimba wangu acha kuegemea mlango kama mgeni, njoo ukae hapa miguuni pangu, maana sauti yangu haifiki mbali tena na haya ninayoyasema sitayarudia.

Nyumba hii ni ya dada yenu mdogo, aliyenifulia na kunilisha wakati nyinyi mnahangaika na maisha, na sitaki mtu anune. Cherehani ni ya mkwe wangu, kwa sharti aishonee, asiifanye pambo la sebuleni. Shamba mgawane, mpaka wenu ni ule mfereji. Hayo mepesi. Linaloninyima usingizi ni mlima.

Mnajua nilifungwa kule enzi za mkoloni, ila habari yenyewe mmeisikia vipande vipande. Tulikamatwa wanawake wa kijiji kizima kwa kuwapelekea chakula wapiganaji waliokuwa msituni, baba yenu akiwa mmoja wao, tukapandishwa mlimani kujenga barabara. Mawe tuliyabeba kichwani, baridi ikitukata mifupa, na usiku tulilala nje tumejibanza kama kuku. Mimi nilikuwa mjamzito, tumbo limeshashuka. Ndipo mwenzetu mmoja tuliyemwita Mrefu, mwanamke asiye na mume wala mtoto, alipotua jiwe lake mbele ya askari na kumwambia, "Hatubebi tena mpaka huyu alale ndani." Nasi sote tukatua. Wanangu, mlio wa mawe yale yakianguka bado naona fahari kuukumbuka. Askari yule, tuliyempa jina la Mkanda kwa sababu ya kile alichotupigia, alimpiga Mrefu mpaka akachoka mwenyewe, na hakuna aliyeinama kuokota jiwe. Jioni nikapewa kibanda cha vifaa, na humo ndimo ulimozaliwa wewe, kifungua mimba. Mrefu hakupona kifua chake. Alizikwa kulekule, na sisi hatukuonyeshwa wapi.

Tulipopata uhuru mlima ukafanywa hifadhi ya taifa, nami nikaapa sitaingia kama mtalii mahali nilipotoa jasho. Mwaka jana mkanibembeleza, nikakubali. Mliona nilivyotoa mkono dirishani kuugusa ule ukuta wa mawe kando ya barabara? Ni wetu ule, mvua zote hizi na haujaachia hata jiwe moja. Nilipita pale kichwa juu kama bibi harusi.

Kule ofisini mhifadhi mkuu alipokuja kutusalimu nikamweleza mimi ni nani, namtafuta nani, na jinsi Mkanda alivyompiga. Akasema, "Mama, mimi ni binti wa Mkanda. Jina hilo alinitajia mwenyewe." Wewe, kifungua mimba, ukainuka ukataka tuondoke, nikakuamuru ukae. Akatueleza kwamba baba yake alipozeeka alimwonyesha kaburi la mwanamke aliyempiga na kumwomba alitunze, na tangu apate kazi pale amekuwa akilipalilia kwa mikono yake, bila hata kujua jina la aliyelala humo. Akatupeleka kwenye ukungu ule, akinishika mkono penye utelezi, tukalikuta safi, limezungushiwa mawe. Mlinisikia nikisema, "Mrefu, nimekuletea yule mtoto." Nilikuona ulivyogeuza uso, mwanangu. Usione haya.

Tangu siku ile mnagombana. Huyu anataka wakili, tuudai mlima. Yule anataka mifupa ihamishwe. Sikilizeni. Mlima msiudai, uacheni uwe wa watu wote, hicho ndicho tulichofungiwa. Mrefu msimhamishe. Hakuacha mtoto, basi watoto wake ni nyinyi. Pandeni kila mwaka na wajukuu zangu, na mkiulizwa langoni ninyi ni nani, jibuni kwamba barabara hii aliijenga mama yetu, halafu mpite. Jina kamili la Mrefu nimemwachia dada yenu. Lichongwe kwenye jiwe pamoja na la baba yake, si lile la utani.

Na yule binti, siku ya msiba wangu atakuja. Kifungua mimba, wewe ndiye utakayempokea mlangoni na kumkalisha na dada zako. Sikulazimishi umpende. Nakulazimisha umpokee. Mkanda alishakufa, na mimi ndiye niliyepigwa. Kama mimi nimemaliza, wewe unaendeleza ya nani?

Nipeni maji... basi, yanatosha.

Nizikeni hapa, karibu na baba yenu, msinipeleke baridini tena. Msilie sana. Semeni alikuwa mama yetu na hakuokota jiwe. Nipeni mikono yenu... wote... hata wewe, mkwe wangu. Mungu awape afya, awape watoto wenye heshima na shingo ngumu... msije mkainamia mtu kwa woga... Nimewaridhia, wanangu. Nimewaridhia wote... Haya, fungueni pazia... nataka kuwaona vizuri.