Wakili Aliyekataa Kumshtaki Bi Nunu

Ndugu waombolezaji mliokusanyika nasi kanisani hapa Ghala, Muscat, mimi ni Godson, mdogo wake marehemu, nasoma kwa niaba ya familia.

Kaka yetu Desderius alizaliwa Kanyigo, Bukoba, tarehe 9 Agosti 1955, akasoma huko hadi sekondari, kisha akahitimu sheria Dar es Salaam mwaka 1981, akaajiriwa kuwa wakili wa serikali ya Muungano. Tarehe 16 Juni 1984 alifunga ndoa na Restituta, wakajaliwa mabinti wawili, Paulina na Anjelina.

Mwaka 1992 alikabidhiwa jalada la Bi Nunu, mkunga wa Unguja, aliyekamatwa Dar es Salaam alikokuja kumsalimia dada yake, akidaiwa kuzalisha wanawake nyumbani kwake Unguja bila kibali kinachotakiwa na sheria ya Bara. Kaka alimwambia mkuu wake, "Afya si jambo la Muungano, sheria hii haifiki Unguja, Katiba hairuhusu tumshike mama huyu," naye akajibiwa, "Desderius, andaa mashtaka, Katiba tutaisoma baadaye." Alikataa, akafukuzwa kazi, jalada akapewa mwingine, na Februari 1993 Bi Nunu alifia rumande, kesi yake haijasikilizwa. Kaka alifungua shauri ili mahakama itamke mipaka ya serikali, likafutwa, kwa maelezo kwamba aliyeonewa ameshafariki na hakuna tena la kuamuliwa.

Mwaka 1995 alimfuata mkewe hapa Muscat, aliyekuwa akifanya kazi za ndani, akapata kazi ya kutunza stoo ya gereji, mabinti wakabaki kwa bibi yao. Shemeji anasema Ijumaa jioni, siku ya mapumziko, kaka alikuwa akisema, "Resti, mpaka uliandikwa, sote tuliusoma, na mama wa watu sikuweza kumtoa."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2005, akafariki Jumatano, tarehe 14 Machi 2007, mkewe akiwa amemshika mkono, mabinti wakiwa kwenye simu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, jirani yetu Mzee Suud aliyempeleka hospitali kwa gari lake kila alipozidiwa, na wenzake wa gereji waliofunga kazi leo wakaja. Paulina aliniuliza jana kwa simu kama baba yake alishinda hata mara moja, nikamsimulia habari za jalada la Bi Nunu.

Kaka Desderius, Mungu akupe pumziko, ulale kwa amani.