Mpaka Udongo Ukubali

Benchi la Alhassan muuza chai, pale Suame mjini Kumasi, lina mguu mmoja wa tofali, na anayelikalia hakosi la kusema. Asubuhi hiyo kesi ilikuwa ya Boakye mhunzi, waliyemwita Cheche. Aliunda tanuri la mkate lisilokula kuni, akaomba hataza, ile hati ya kumlinda mvumbuzi. Ofisi ya hataza ya Accra ilimrudishia maombi: aeleze tanuri linavyoundwa, hadi fundi mwingine akisoma aweze kuunda la kwake. Yeye alikuwa ameandika tu, “Kanda udongo mpaka ukubali.”

— Ukubali nini, posa? alicheka Redio, fundi rangi.

— Wezi hao! alifoka Jaji, muuza matairi. Ukiwaeleza tu, kesho tanuri lako liko China linaongea Kichina.

— Ndiyo masharti, bwana, alisema Alhassan. Unafundisha watu, nao wanakulinda. Mficha uchi hazai.

— Basi adanganye kidogo, alisema Jaji. Penye udongo aseme saruji. Haraka haraka haina baraka!

— Baraka imeingiaje hapo?

— Imeingia na saruji! Au amwite mpiga ngoma wa Manhyia, kwenye kasri la mfalme, apige maelezo yote kwa ngoma. Karani ajaze mdundo.

Cheche alicheka nao, lakini chai yake hakuigusa. Hakuwaambia kwamba kwenye maombi aliandika majina mawili: lake na la Akua, marehemu mkewe. Alitamani sana jina lile lidumu mahali.

Mama mmoja akasimama mbele yao, kitambaa cha kichwa kimejaa vumbi la safari.

— Habari zenu, baba zangu. Mimi ni mwoka mikate, natoka Techiman. Nimeelekezwa kwa Cheche.

— Ndiye huyu, mama. Karibu.

— Nataka tanuri kama lile lako la mkate. Tangu lile, umeunda jingine?

Redio alitazama kikombe chake. Jaji alisogea, akamwachia mama nafasi kwenye benchi.

— Nimejaribu, mama, alisema Cheche. Yanapasuka yote. Udongo aliukanda mke wangu, binti wa wafinyanzi wa Pankrono. Mimi nilikuwa nachomelea chuma, miwani myeusi usoni. Sikumtazama hata siku moja.

Mama yule akaketi kando yake, taratibu.

— Accra wanauliza fundi mwingine atawezaje, Cheche aliendelea. Fundi mwingine ndiye mimi.